Land Rover Yetu Iliposhindwa na Mlima

Pengine mtashangaa kuona akina mama wa huduma ya mkoba wakiandika habari za injini katika gazeti la familia. Hata sisi tungeshangaa miaka michache iliyopita. Tulikuwa tunajua kupima uzito wa watoto, kuchoma sindano na kukoroga uji wa lishe. Mambo ya gari yalikuwa ya dereva. Lakini gari likikukwamisha njiani na mama mwenye uchungu, utajifunza tu, upende usipende.

Kikundi chetu cha kanisa kina akina mama kumi na mmoja. Wanne ni wauguzi. Waliobaki ni walimu, wauza dagaa na mama wa nyumbani. Mara mbili kwa mwezi tunatoka Mwanza mjini kwenda vijiji vya kando ya ziwa, upande wa Kayenze, tukibeba chanjo ndani ya sanduku la baridi, mizani, vidonge vya kuongeza damu na kadi za kliniki. Gari letu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya petroli, iliyoachwa na wamisionari. Kadi yake inaonyesha ni ya mwaka 1978. Wako miongoni mwetu ambao gari hilo ni dada yao mkubwa.

Jioni moja ya Machi 2023, masika yakiwa yameanza, tulikuwa tunafunga mizigo ili turudi mjini. Mara akaletwa mama mmoja kwenye baiskeli, mumewe akisukuma na mama mkwe akimshikilia kwa nyuma. Uchungu ulikuwa umeanza usiku wa kuamkia siku ile, njia haifunguki, miguu imevimba. Tulimpima presha, kisha tukatazamana. Wauguzi wenzetu hawahitaji maelezo zaidi. Kwa wengine tuseme tu kwamba mama yule alitakiwa kufika hospitali usiku ule ule.

Kutoka kijiji kile hadi barabara kubwa kuna mlima mmoja wa mawe. Si mrefu. Ni mita 600 hivi kutoka kwenye mwembe ulio chini hadi kwenye jiwe kubwa lililo juu. Tulikuwa watu tisa garini. Dereva wetu alianza na gia ya pili, akarudi ya kwanza, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikakohoa, moshi mweusi ukajaa nyuma yetu, ikazima. Gari likaanza kurudi chini kinyumenyume. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa darasa la pili, aliruka akasukumia jiwe nyuma ya tairi. Tunamshukuru mpaka leo.

Tukashuka wote, akabaki mgonjwa, mama mkwe na dereva. Likasogea hatua chache, likazima tena. Mwishowe mama yule alishuka akaupanda mlima ule kwa miguu yake, katikati yetu, akisimama kila uchungu ulipomjia na kutushika mabega, huku Land Rover ikijikongoja nyuma tupu, tukiisukuma. Safari ya mita 600 ilituchukua saa nzima. Alfajiri alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, wote wawili wazima. Tulimshukuru Mungu. Hata hivyo wiki ile hatukulala vizuri, maana kila mmoja wetu alijua kwamba yangeweza kuwa mengine, na kwamba sababu yake ingekuwa gari letu.

Katika kikao kilichofuata kulikuwa na maoni matatu. Wa kwanza walitaka gari liuzwe kama chuma chakavu. Wa pili walitaka ing'olewe ile injini ya petroli, iwekwe ya dizeli ya Kijapani, kama walivyofanya wengi wenye Land Rover za zamani. Tuliulizia bei tukaambiwa milioni sita na nusu, pamoja na kazi ya kuunganisha gia boksi. Mfuko wetu ulikuwa na shilingi 480,000. Wa tatu walinyamaza, na kunyamaza nako ni maoni.

Ndipo mmoja wa wauguzi aliposema neno lililotuokoa. Alisema, "Mgonjwa akija wodini amechoka, hapandi hata ngazi, je, tunamwongezea damu papo hapo? Si tunampima kwanza tujue damu imekwendea wapi? Gari hili lilikuwa linapanda mlima ule mwaka 2019 likiwa na watu kumi. Nguvu zilikuwapo. Zimekwenda wapi?" Tukaamua kwamba kabla ya kununua nguvu mpya tutazitafuta kwanza zile za zamani.

Fundi tuliyempata ni mzee wa Kirumba, karibu na Mwaloni, ambaye siku hizi hushinda akitengeneza injini za mitumbwi. Ujana wake aliutumia katika karakana iliyokuwa na Land Rover tupu. Tulimwamkia, akatuitikia, kisha akauliza, "Haya wanangu, gari lina nini?" Tukamwambia halivuti. Akauliza, "Tangu lini?" Sisi wauguzi tukapendezwa naye hapo hapo, kwa sababu hilo ndilo swali tunalomuuliza kila mgonjwa. Ila jibu hatukuwa nalo! Nguvu zilikuwa zimepungua kidogo kidogo, kama uzito wa mtu anayeugua polepole, na watu wa nyumba moja hawaoni.

Kabla ya kugusa spana alitueleza mambo mawili. La kwanza, injini hii si ya mashindano. Ni injini ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ambayo Rover walianza kuiweka kwenye Land Rover mwaka 1958. Kwenye Series III ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 70 hivi. Sifa yake ni kuvuta ikiwa kwenye mizunguko midogo, karibu 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, si kukimbia. Ukiikamua mpaka ikapiga kelele unapoteza mafuta bure.

La pili lilitushangaza zaidi. Ziwa letu tunaliona liko chini, tumelizoea, lakini maji yake yako takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Injini ya kabureta hupumua hewa kama sisi, na kwa kimo hiki hupoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu zake hata ikiwa mpya kabisa. Basi zile farasi 70 hapa Mwanza ni 61 au 62. "Hizo nane au tisa msizitafute," alisema fundi, "hizo amezichukua Mungu. Tuwatafute wezi wengine."

Akakataa kufanya kazi gereji. Alitaka kuuona mlima wenyewe. Siku ya kliniki tukaenda naye, na mmoja wetu akatoa saa yake ya kuuguzi, ile tunayoibandika kifuani kuhesabia mapigo ya moyo. Gari likiwa na dereva na fundi tu, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye jiwe kubwa, gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho: dakika 3 na sekunde 40. Tuliandika kwenye daftari. Baada ya hapo kila kilichotengenezwa kilipimwa kwa mlima ule ule, kimoja kimoja, ili tujue kipi kimesaidia na kipi ni maneno matupu. Tunawashauri wenye magari makuukuu wafanye hivi. Ukibadilisha vitu vitano siku moja hutajua ni kipi kilichokuponya, wala ni kipi ulicholipia bure.

Sasa tuwasimulie aibu yetu. Juu ya mlima fundi alizima injini, akafungua boneti, akatoa bomba la hewa juu ya kabureta na kuchungulia ndani. Akamwomba mmoja wetu aketi kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini kabisa. Ndani ya kabureta kuna kijisahani kinachofunguka kuruhusu hewa kupita, na pedeli ikifika mwisho kinapaswa kusimama wima, mlango wazi wote. Fundi akauliza, "Umekanyaga mpaka mwisho?" Akajibiwa ndiyo. "Mpaka mwisho kabisa, mama?" Ndiyo, baba. Akatuita wote tuchungulie. Kile kijisahani kilikuwa kimefunguka nusu tu.

Alikuja mlangoni, akainama, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo. Chini ya pedeli kulikuwa na zulia. Mwaka 2021 tulilikunja mara mbili na kulishona pindo kwa mikono yetu, kwa sababu sakafu ya Land Rover huchoma miguu. Tulilipenda zulia lile. Kwa muda wa miaka miwili dereva wetu alikuwa akikanyaga zulia badala ya mafuta, na usiku ule wa Machi mama mwenye uchungu alipanda mlima kwa miguu huku nusu ya mlango wa injini ukiwa umefungwa na kazi yetu ya mikono.

Zulia likatolewa. Fundi akakaza viungo vya zile fimbo zinazounganisha pedeli na kabureta, ambavyo vilikuwa vimelegea. Tukapima tena: dakika 3 na sekunde 5. Gharama, hakuna.

Lililofuata lilikuwa chujio la hewa. Land Rover hizi zina chujio la bakuli la oili. Hewa hupita juu ya oili, vumbi likanaswa humo. Letu lilikuwa limegeuka tope zito kama ugali wa mtama, na mtu, tusimtafute ni nani, alikuwa ameongeza oili juu ya tope mpaka ikapita alama. Injini ilikuwa inavuta pumzi kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Kwa kuwa hewa ilikuwa haba na petroli ilikuwa ile ile, ndiyo maana ya ule moshi mweusi. Alipofungua plagi zote nne zilikuwa nyeusi tititi, zina masizi makavu. Alitufundisha kuzisoma, nasi tukaona ni kama kumtazama mgonjwa ulimi. Nyeusi kavu maana yake petroli imezidi hewa. Nyeusi ya kulowa oili maana yake oili inapanda kwenye silinda. Nyeupe kama chokaa ni hatari, hewa imezidi, injini inaungua. Inayotakiwa ni rangi ya kahawia, kama tofali la kuchoma.

Bakuli likasafishwa, plagi zikasuguliwa, platini zikategwa kwa nafasi ya milimita 0.4. Kimpira chembamba kinachotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa kilikuwa kimepasuka, tukanunua kingine kwa bei ya soda. Fundi akaweka pia jeti ndogo zaidi kwa saizi moja ndani ya kabureta, kwa kuwa ile ya kiwandani imepimwa kwa hewa ya pwani, na hewa ya huku haiwezi kuichoma petroli yote ile. Onyo: jambo hili si la kujaribu nyumbani. Jeti ikiwa ndogo mno ndipo plagi zinapokuwa nyeupe.

Kisha akatutembeza. Tuliendesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, tukasimama, akatuambia tuguse vikombe vya magurudumu kwa mgongo wa mkono, kama tunavyompima mtoto homa. Vitatu vilikuwa vuguvugu. Cha nyuma kushoto kilikuwa kinaunguza. Breki yake ilikuwa haiachii, na injini ilikuwa ikivuta gari huku tairi moja ikikataa. Hapo tena si suala la injini, lakini kwa anayepanda mlima ni mamoja. Breki ikalegezwa na kusafishwa. Mlima: dakika 2 na sekunde 30.

Tulidhani tumemaliza, na wengine walianza kusema zile fedha tununue mizani mpya. Fundi akasema bado hajampima presha. Akaleta kipimo cha mgandamizo, kile kinachopigwa kwenye tundu la plagi wakati starta inazungusha injini. Tulijikuta tumemzunguka kama wanafunzi wa uuguzi. Silinda ya kwanza, paundi 125 kwa inchi ya mraba. Ya pili 120. Ya nne 120. Ya tatu, 65! Tukaguna wote kwa pamoja. Akatia kijiko kimoja cha oili katika silinda ile ya tatu na kupima tena. Kama ringi za pistoni ndizo zilizokufa, oili ingeziba upenyo na kipimo kingepanda. Kilibaki pale pale. Basi ringi zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa kwenye valvu. Kwa kijiko kimoja cha oili tuliepuka kushusha injini nzima, na hapo tulielewa kwa nini alikataa kutupa bei tangu mwanzo.

Hedi ilipofunguliwa, valvu ya moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua ukingoni, imelika kama jino bovu. Nasi kama wauguzi hatukuweza kuacha kuuliza sababu, kwa kuwa chanzo chake kinatuhusu zaidi ya tulivyodhani. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi. Risasi ile iliacha utando mwembamba kwenye siti za valvu, ukazikinga zisilike. Injini za zamani kama yetu zilitengenezwa zikiitegemea, siti zake ni za chuma cha kawaida tu. Lakini risasi hiyo hiyo ikitoka kwenye eksozi huingia katika damu ya watoto na kudhuru ubongo wao, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeachwa. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Kwa hiyo Land Rover yetu imekunywa petroli isiyo na risasi kwa miaka mingi, na taratibu valvu zikawa zinazama ndani ya siti zake. Zikizama, ile nafasi ya tapeti hupungua mpaka ikaisha, valvu ikawa haifungi kabisa, moto ukapita ukingoni ukaichoma. Tukiulizwa tunachagua nini, tunachagua bila kufikiri mara mbili: iungue valvu. Tumepima watoto wengi mno kwenye mizani yetu kutaka risasi irudi. Ila mwenye gari la zamani ajue kwamba deni hilo linalipwa na injini yake, na dawa yake si ngumu. Hedi ikishafunguliwa zitiwe siti mpya za chuma kigumu upande wa valvu za moshi. Na hata kabla ya hapo tapeti zipimwe mara kwa mara. Kwa injini yetu nafasi ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, valvu zote nane.

Palikuwa na jambo moja zaidi, na hili ndilo pekee ambalo kweli liliongeza nguvu, mengine yote yalirudisha zilizopotea. Injini hizi zilitoka kwa mgandamizo wa aina mbili, 7 kwa 1 na 8 kwa 1. Yetu ni ya 7, iliyokusudiwa nchi zenye petroli hafifu. Kwa kuwa hedi ilikuwa mezani, fundi aliipeleka kwa wachonga vyuma ikapigwa randa uso wa chini kwa kipimo, ili chumba cha moto kiwe kidogo na mgandamizo ukaribie ule wa 8. Kwa hewa yetu nyepesi haileti hatari ya kugonga. Alikataa kuikata zaidi ya hapo, ijapokuwa kijana mmoja pale gereji alishauri, na alikataa pia lile wazo la kabureta kubwa ya gari jingine tuliloletewa na kila mtu aliyejua kwamba tunatengeneza Land Rover. "Mdomo mkubwa haumpi mtu mapafu," alisema. Gari la mkoba halitafuti sifa mjini, linataka kufika na kurudi.

Valvu, siti, gasketi na kazi ya wachonga vyuma vilifika shilingi 615,000. Tulipungukiwa, basi tukauza maandazi na dagaa wa kukaanga Jumapili nne mfululizo. Mume wa yule mama tuliyempandisha mlima alituletea ndoo ya dagaa tuwauze. Hatukumwambia habari za zulia. Labda ataisoma hapa.

Tuseme kidogo juu ya petroli yenyewe, kwa sababu tumeona mambo. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ulisumbua sana nchi yetu mpaka serikali ikaanza kutia alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili pasiwe na faida ya kuchanganya. Vijiji vya ziwani mafuta huuzwa kwenye madumu na chupa, na hujui dumu lilibeba nini jana. Petroli yenye mafuta ya taa huigonga injini na kuitoa moshi. Sisi tunajaza mjini.

Na kuna hili ambalo kwetu ni zito kuliko nguvu za farasi. Vijana hunyonya petroli kwa mpira na mdomo ili kuihamisha kutoka tangi hadi dumu. Tumewapokea wodini. Petroli ikishuka tumboni ni mbaya, lakini ikipita njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu ndipo inapoua, na hata tone dogo linatosha kuleta nimonia kali. Akimeza, msimtapishe. Akitapika itapita mapafuni mara ya pili. Msimlazimishe kunywa maziwa, wengi hudhani ni dawa, kumbe yanaweza kumtapisha tu. Mpelekeni hospitali, hasa akikohoa au kupumua kwa shida. Pampu ndogo ya mkono inauzwa kwa bei isiyozidi kuku.

Jambo la mwisho fundi alilitengeneza bila kuombwa. Ndani ya Land Rover kuna kirungu chekundu kinachoingiza gia nzito, ambazo huzidisha uwezo wa kuvuta na kuyazungusha magurudumu yote manne. Chetu kilikuwa kimeganda kwa kutu, hakijaguswa kwa miaka. Usiku ule dereva wetu alikijaribu, kikakataa, naye akaona haya kutuambia. Sasa kinaingia kwa kidole. Fundi alimwelekeza kuingiza gia nzito gari likiwa limesimama chini ya mlima, pale kwenye mwembe, wala si kungoja mpaka injini ianze kulia katikati.

Siku ya kupima ilikuwa Agosti 2023. Tulipanda wote tisa, na mizigo, makusudi kabisa, kama usiku ule. Hakuna aliyeongea. Gia ya pili ya kawaida, bila kirungu chekundu, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye jiwe: dakika 1 na sekunde 52. Dereva alipiga honi mpaka watoto wa kijiji wakadhani kuna harusi. Mafuta nayo yamepungua. Zamani lita moja ilitupeleka kilomita nne na nusu, sasa inakaribia sita. Hatudanganyi mtu, bado ni mlevi yule, dizeli ingekunywa kidogo zaidi. Lakini milioni sita na nusu hatukuwa nazo, na hatujazipata mpaka leo.

Tangu hapo tumeshapandisha mlima ule akina mama wengine watatu, wote wakiwa wamelala garini. Wanne wetu sasa tunajua kupima tapeti. Tunafanya kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi, kabla ya mazoezi ya kwaya, na mara mbili tumekuta valvu moja imeanza kuzama tukairekebisha kabla haijaungua. Mwalimu wa darasa la pili ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote.

Na lile zulia hatukulitupa. Tulilifua, tukalikunjua, tunalitandika chini ya mti siku za kliniki. Watoto huketi juu yake wakisubiri zamu ya mizani.